Pontiac ambayo haikuuzwa, na luva za Celica ya mjomba

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi wa magari, mwaka wa pili. Nimeona picha ya Pontiac ya rangi ya fedha ya mwaka 1964, wanasema ilikuwa ya majaribio tu, haikufika sokoni. Rafiki yangu anabisha kwamba ile ni Corvette ya 1968. Mimi naona ni Opel GT. Nani kamwiga nani? Na gari ambalo halikuuzwa linawezaje kubadilisha magari mengine? Jingine, mjomba wangu ana Toyota Celica ya 1976 imelala uani. Ina luva, vile vipande vya mlalo vilivyoachana, juu ya kioo cha nyuma, naye anataka kuzing'oa azitupe kwa sababu zinashika kutu. Nimwache?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeanza na bodi, hukuanza na nguvu za farasi. La mjomba nitalijibu mwishoni, na utaona kwamba halikai mbali na lile la kwanza.

Gari uliloliona linaitwa XP-833, na wengi wanalijua kwa jina la Banshee. Wewe na rafiki yako wote mna macho mazuri. Mbele lina mashavu yaliyovimba juu ya magurudumu kama Corvette ya 1968, nyuma lina mkato mfupi wa ghafla kama wa Opel GT, na katikati lina kiuno cha chupa ya soda ambacho magari yote matatu yanacho. Lakini XP-833 haikuiga yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa zote ziliingia sokoni baada yake. Na sitakuambia kwamba zenyewe ziliiba kwake, ingawa utasikia watu wakisema hivyo kwa uhakika mkubwa. Habari yenyewe ni ya ndugu waliolelewa nyumba moja, mmoja wao akanyimwa ruhusa ya kutoka nje.

Nyumba hiyo ni General Motors, kampuni ya Marekani iliyokuwa na majina ya Pontiac, Chevrolet na Buick. Mwaka 1964 mhandisi mkuu wa Pontiac alikuwa John DeLorean, na mwaka huohuo alikuwa amekwishawatikisa wakubwa wake mara moja. Kampuni ilikuwa na kanuni kwamba gari la bodi ya kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. DeLorean na wenzake waliona kwamba injini kubwa ya inchi 389 inakaa palepale inapokaa ile ndogo, bila kuchonga wala kuchomelea. Wakaichomeka ndani ya Pontiac Tempest. Ili wasionekane wamevunja kanuni, hawakuiandikisha kama gari jipya, waliiuza kama nyongeza ambayo mteja anaichagua. Ndiyo GTO. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 32,450, na watu wengi huhesabu kwamba hapo ndipo magari ya misuli ya Marekani yalipozaliwa: bodi ya kawaida, injini kubwa kupita kiasi, na bei ambayo kijana mwenye kazi aliimudu.

Mtu wa namna hiyo akishafanikiwa mara moja hatulii. DeLorean alitaka Pontiac iwe na gari dogo la viti viwili. Zikatengenezwa XP-833 mbili zinazotembea. Moja ni hiyo ya rangi ya fedha, yenye paa, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ya pili ni nyeupe, ya kufunguka juu, injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Bodi zote mbili ni za faibaglasi. Ile ya fedha ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,000, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Corvette, gari la fahari la Chevrolet, ilikuwa nzito kuliko hiyo na ghali zaidi. Gari jepesi na rahisi, hata likianza na silinda sita, siku mtu akilitia V8 ya Pontiac lingemkimbiza mkubwa wake barabarani. Wakubwa wa General Motors walipiga hesabu, wakaona Pontiac itakula wateja wa Chevrolet ndani ya familia ileile. Wakakataa. DeLorean akapewa kitu kingine badala yake: Pontiac itengeneze toleo lake la gari ambalo Chevrolet ilikuwa inaliandaa kupambana na Mustang ya Ford. Chevrolet ikaliita Camaro, Pontiac ikaliita Firebird, nalo likatoka Februari 1967.

Sasa tujibu nani kamwiga nani. Usianze na picha, anza na kujua nani alikuwa na ufunguo wa milango.

General Motors walikuwa na kituo kikubwa cha usanifu pale Warren, Michigan, kilichofunguliwa 1956. Ndani yake kila jina la gari lilikuwa na studio yake. Watu wa Pontiac hawakuruhusiwa kuchungulia kwa Chevrolet, wala wa Chevrolet kwa Buick. Lakini mmoja aliingia kote: Bill Mitchell, mkuu wa usanifu wa kampuni nzima kuanzia mwisho wa 1958 hadi alipostaafu 1977. Asubuhi anasimama mbele ya mfano wa udongo wa Pontiac, mchana yuko kwa Chevrolet. Anachokipenda huku kinamfuata kule. Kwa hiyo ukiona mstari uleule kwenye magari mawili ya General Motors ya miaka ile, kabla ya kusema wizi jiulize kama si jicho la mtu mmoja.

Nimetaja udongo, ngoja nikae hapo kidogo, kwa sababu wewe ni fundi na hili litakufaa. Udongo wa studio za magari si wa mfinyanzi. Una nta ndani yake. Unapashwa moto kwenye oveni mpaka ulainike, unapakwa kwa viganja juu ya kiunzi chenye ukubwa kamili wa gari, kisha unaachwa upoe. Ukipoa unakuwa mgumu wa kutosha kukwanguliwa kwa bapa la chuma, na unatoka kwa utepe mrefu kama maranda ya seremala. Mchongaji anakwangua kidogo, anarudi hatua tatu, anachuchumaa na kuangalia mwanga unavyolala juu ya shavu la gari. Mwanga ukivunjika mahali, pana bonde. Kisha anapitisha kiganja. Mimi nilipojifunza kunyoosha bodi, fundi wangu alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa cha kufutia rangi, ananishika mkono na kuupitisha juu ya mlango niliodhani nimeumaliza. "Hapa," ananiambia, na kweli kiganja kinakutana na kijishimo ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita mara kumi. Mtu aliyechonga mstari fulani kwa miezi hausahau. Kesho ukimpa gari jingine, mkono wake unaurudia bila yeye kukusudia. Ndiyo maana gari la majaribio linaweza kufungiwa stoo na mistari yake ikaendelea kutembea: imebaki mikononi mwa watu.

Tuje kwa Corvette. Kwa hii tuna ushahidi ulio wazi zaidi ya ule wa Pontiac. Mwaka 1961 Mitchell alimwagiza Larry Shinoda, msanifu kijana Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, achore gari la maonyesho lenye sura ya papa. Likaitwa Mako Shark. Inasimuliwa kwamba Mitchell alikuwa na papa aliyemvua mwenyewe, amemtundika ukutani, akataka gari lipakwe rangi inayofifia vilevile, bluu ya giza juu mpaka weupe tumboni. Wapaka rangi walijaribu na kurudia, hakuridhika. Mwishowe usiku walimshusha papa, wakampaka yeye rangi ifanane na ya gari, wakamrudisha ukutani. Mitchell alipokuja akasema sasa mmepata.

Mwaka 1965 ikaonyeshwa New York Mako Shark II, na hiyo ndiyo mama halisi wa Corvette ya 1968. Mashavu makubwa, kiuno chembamba, mkia uliokatwa. Kwa hiyo ukiziweka sawa kwa tarehe: Pontiac ya fedha, 1964, Mako Shark II, Aprili 1965, Corvette mpya, sokoni mwishoni mwa 1967 kama gari la mwaka 1968. Rafiki yako ana haki ya kuona undugu. Ila hana haki ya kusema Corvette ilizaliwa na Pontiac, kwa sababu mama yake yupo na anajulikana. XP-833 ni kama shangazi.

Kuna jambo hapa ambalo vijana wanaochora magari mazuri kwenye daftari hulisahau. Corvette hiyo ilikusudiwa kutoka kama gari la 1967. Ilichelewa mwaka mzima kwa sababu ya uzuri wake wenyewe. Mashavu ya mbele yalikuwa marefu kiasi kwamba dereva hakuona barabara vizuri, na katika mwendo mkali hewa iliyopita chini ilikuwa inainua pua ya gari. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, hakukubali litoke hivyo. Mashavu yakashushwa, sehemu ya mbele ikafanyiwa kazi upya, ndipo likaruhusiwa. Likauzwa mpaka 1982, zaidi ya magari laki tano, kwa sura ambayo msingi wake ni gari la maonyesho. Mimi namheshimu Mitchell kwa jicho lake, lakini katika ugomvi huu ningesimama na Duntov.

Na Opel GT yako? Hapa nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Opel ilikuwa mali ya General Motors, studio yake iko Rüsselsheim, Ujerumani. Msanifu wake alikuwa Mjerumani, Erhard Schnell, na gari lenyewe lilionyeshwa Frankfurt Septemba 1965 kama gari la majaribio. Mkuu wa usanifu wa Opel wakati huo alikuwa Clare MacKichan, Mmarekani aliyetoka studio ya Chevrolet. Unaona sasa daraja liko wapi. Watu walikuwa wanavuka Atlantiki wakiwa na kampuni ileile na ladha ileile, na kazi ya Opel haikusubiri Pontiac ikataliwe ndipo ianze. Kwa hiyo anayekuambia Opel waliokota michoro ya XP-833 kwenye pipa la taka, muulize tarehe.

Ninachoweza kusema kwa moyo mkunjufu ni hiki: Opel GT ni jawabu la swali ambalo DeLorean alinyimwa nafasi ya kulijibu. Gari dogo la viti viwili, sura ya gari la mashindano, injini ndogo ya lita 1.1 au 1.9, bei ya mtu wa kawaida. Lilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1973, likapita laki moja, na Marekani liliuzwa kwenye maduka ya Buick. Yaani kampuni iliyoogopa gari dogo la Pontiac lisiiguse Corvette, miaka michache baadaye ilikuwa inauza gari dogo linalofanana nalo kwa wateja walewale. Tofauti ni kwamba injini ya Opel haikuweza kumtisha mtu. Ukipata nafasi ya kukaa ndani ya moja, tafuta wenzo uliopo karibu na giaboksi. Unausukuma kwa mkono na taa mbili za mbele zinapinduka kwa pamoja upande mmoja, kama mtu anayegeuza macho. Hakuna mota. Ni waya na nguvu ya mkono tu.

Umeuliza pia gari lisilouzwa linabadilishaje mengine. Njia ya kwanza nimekwishaitaja, ni jicho la mkubwa mmoja. Njia ya pili ni watu kuhama. Mwaka 1968 mkubwa mmoja wa General Motors, Bunkie Knudsen, alihamia Ford kuwa rais wa kampuni, na Shinoda akamfuata. Hebu fikiria: mtu aliyechora Mako Shark sasa anaingia studio ya Mustang. Miaka sita kabla, Shinoda na Tony Lapine walikuwa wamefanya gari jingine la majaribio la Chevrolet, Corvair Monza GT ya 1962. Injini yake ilikuwa nyuma ya viti. Sasa injini ikiwa nyuma ya kichwa chako, kioo cha nyuma utakiweka wapi, na joto litatokea wapi? Walilitatua kwa kuweka luva: vipande vya mlalo vilivyoachana, kama vya dirisha la choo cha nyumba za zamani. Hewa inapita, dereva anaona nyuma kidogo, na mstari wa paa unateremka bila kukatika.

Monza GT haikuuzwa. Lakini mwaka 1969 Ford wakatoa Mustang Boss 302, ambayo jina lake na sura yake ni kazi ya Shinoda, na mteja aliweza kuichukua ikiwa na luva juu ya kioo cha nyuma. Injini ya Mustang iko mbele. Hakuna joto la kutoa nyuma. Kifaa kilichozaliwa kwa kazi kikawa pambo na kivuli. Sitasema Shinoda peke yake ndiye chanzo, maana Lamborghini Miura ya Italia nayo ilikuwa na luva nyuma mwaka 1966, kwa sababu ileile ya injini. Lakini kwa upande wa Mustang njia inafuatika kwa jina la mtu, na hilo ni jambo adimu.

Njia ya tatu ni muuzaji kuona gari la majaribio na kusema, hili nipe. Mfano wake nitakupa mmoja. Mwaka 1967 kampuni ya Carroll Shelby ilitengeneza Mustang GT500 nyekundu yenye mkia uliosimama badala ya paa la kuteremka, ikaitwa Little Red. Watu wa mauzo wa Ford kule California waliipenda, na kutokana nayo likatoka toleo la 1968 la California Special, lenye taa za nyuma pana za Thunderbird, gari jingine la Ford, na kipande kilichoinuka mwishoni mwa buti. Mteja wa kawaida akapata sura ya gari ambalo lipo moja tu duniani. Little Red yenyewe iliaminika kwamba imekandamizwa kuwa chuma chakavu, kwa sababu ndivyo kampuni zinavyoyafanyia magari ya majaribio: hayajapitishwa kwa sheria za barabara, na likiua mtu lawama zinarudi kiwandani. Miaka hamsini ikapita. Mwaka 2018 ikapatikana Texas, nje, imeliwa na kutu. Walioitafuta zamani walikuwa wanatumia namba ya Shelby. Hawa wa mwisho walitumia namba ya Ford iliyopigwa kwenye bodi, ndiyo ikawafikisha. Wewe unayesoma ufundi, shika hilo: kabla hujasema gari limepotea, hakikisha umesoma namba zake zote.

Sasa Celica ya mjomba.

Toyota walionyesha gari la majaribio liitwalo EX-1 Tokyo mwaka 1969, na mwaka uliofuata likaingia sokoni kwa jina la Celica likiwa na sura karibu ileile. Walikuwa wameliangalia soko la Mustang kwa makini. Mteja wa Japani aliweza kuchagua injini, giaboksi na mapambo ya ndani mwenyewe, kama Wamarekani walivyokuwa wanachagua kwenye Mustang. Kisha mwaka 1973 likaja toleo la mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, paa likiteremka moja kwa moja hadi mkiani, taa za nyuma zimegawanywa kwa vipande vya wima. Liweke kando ya Mustang ya paa la kuteremka ya 1969 kisha nenda hatua ishirini nyuma. Watu waliita Mustang ya Kijapani na hawakukosea. Nyingi zilifungwa luva juu ya kile kioo kirefu.

Kwa hiyo vile vipande mjomba anavyotaka kutupa vina safari: kutoka kwenye gari moja la majaribio la Chevrolet, kupitia mkono wa Shinoda hadi Mustang, kutoka Mustang hadi Japani, na meli ikavileta Tanga. Na hapo Tanga vimepata kazi upya, maana kioo cha nyuma cha Celica hiyo kimelala karibu chali, jua la saa saba linaingia lote na kupasua viti na dashibodi. Ukivua luva, msimu mmoja tu vitambaa vitakuonyesha.

Mwambie mjomba asizitupe. Zifungue skrubu moja moja, na kama zimeshika, zimwagie mafuta ya kulegeza uziache usiku mmoja, usizilazimishe kwa nyundo, maana kioo kipo chini yake na kioo cha gari hilo hutakipata dukani. Luva ukishazitoa, angalia kwanza kingo za kioo kwenye chuma, pale zinapogusana na raba. Kutu ya kweli iko pale, kwa sababu maji ya mvua na chumvi ya bahari hutuama chini ya luva bila mtu kuyaona. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, paka praima siku hiyohiyo kabla umande haujashuka, ndipo rangi. Luva zenyewe zipige msasa mlaini, ukizirudisha weka raba mpya nyembamba kila zinapokalia ili maji yapate njia. Na kabla hujaanza, piga picha kila skrubu mahali pake. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, nikakesha siku mbili natafuta ipi ni ya wapi.